Wanajeshi wastaafu katika nyumba za wazee Marekani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya manesi na wasaidizi wa wauguzi (CNA) wanaozungumza Kiswahili na kufanya kazi katika nyumba za wazee Marekani, na pia kwa familia zenye mzee aliyewahi kuvaa gwanda la nchi hiyo. Wakenya, Wakongo na Watanzania wengi wanaofika huko huanzia kwenye kazi hii, na kati ya wazee wanaowahudumia wapo waliopigana Korea, Vietnam na Ghuba.

Nyumba hizi ni za aina ngapi?

Ziko tatu, na malalamiko mengi hupotea kwa sababu watu hawazitofautishi.

Kwanza ni vituo vya VA yenyewe, yaani Idara ya Masuala ya Wanajeshi Wastaafu. Vinaitwa Community Living Center, kwa kifupi CLC, viko zaidi ya 130, na vingi viko ndani ya uwanja wa hospitali ya VA. Pili ni nyumba za majimbo, State Veterans Home, zaidi ya 150, katika majimbo yote 50 na Puerto Rico. Hapo mwenye nyumba ni jimbo; VA humlipia kila mzee kiasi fulani kwa siku na kuikagua nyumba kila mwaka. Tatu ni nyumba za kawaida za mtaani zilizofunga mkataba na VA. Katika hizi, nesi au ofisa ustawi wa VA anatakiwa kumtembelea mzee kila mwezi. Asipoonekana miezi miwili, familia ipige simu hospitali ya VA iliyompeleka mzee hapo.

Hii ya tatu ndiyo inayosahaulika. Mzee hulala chumba kimoja na raia wa kawaida, na wafanyakazi wanaweza kumhudumia mwaka mzima bila kujua kwamba aliwahi kuwa vitani. Swali la "uliwahi kutumikia jeshi?" liulizwe siku ya kumpokea, na jibu liandikwe kwenye mpango wa huduma, siyo kwenye fomu ya bili tu.

VA inamlipia nani?

Kwa sheria ya mwaka 1999, inayojulikana kama Millennium Act, VA ni lazima impatie huduma ya nyumba ya wazee anayeihitaji kiafya ikiwa kiwango chake cha ulemavu uliotokana na jeshi ni asilimia 70 au zaidi, au ikiwa ugonjwa wenyewe unaomfanya ahitaji nyumba hiyo ulitokana na jeshi. Wengine hupokelewa kadiri nafasi na fedha zinavyoruhusu. Hao wengine huweza kuchangia: siku 21 za kwanza ndani ya miezi 12 hawalipi, kisha hutozwa hadi dola 97 kwa siku kulingana na kipato walichojaza kwenye fomu 10-10EC.

Kosa kubwa la familia ni kuanza kutafuta nyumba huku faili la mzee lina kiwango cha miaka mingi iliyopita. Mtu alipewa asilimia 30 kwa goti akiwa kijana. Leo ana Parkinson na moyo wenye mishipa iliyoziba. Kama alitumikia Vietnam, tangu 2010 VA inayahesabu magonjwa yote mawili kuwa yametokana na Agent Orange, dawa ya kuua mimea iliyomwagwa vitani, bila kumdai athibitishe siku alipomwagiwa. Kati ya asilimia 60 na 70 kuna tofauti ya ada nzima ya nyumba. Dai la kupandisha kiwango lifunguliwe kwanza, kwa msaada wa ofisa wa wanajeshi wastaafu wa kaunti au chama chochote kilichoidhinishwa na VA. Msaada huo ni wa bure. Anayekutoza ada kwa kuandaa dai la kwanza anavunja sheria.

Baba mkwe hana ulemavu wa jeshini. Je, hana chochote?

Huenda ana haki ya pensheni yenye nyongeza ya kuhudumiwa, Aid and Attendance, kama alitimiza muda wa utumishi unaotakiwa, angalau siku moja yake ikiwa katika kipindi kinachotambuliwa cha vita, na kipato chake ni kidogo. Zinahitajika cheti cha kuachishwa jeshi, DD 214, fomu 21-2680 iliyojazwa na daktari, na 21-0779 iliyojazwa na nyumba ya wazee. Msihamishe mali yake kwa watoto kabla ya kuomba: tangu Oktoba 2018 VA hurudi nyuma miezi 36 kuangalia alichogawa.

Angalizo: akiwa hana mke wala mtegemezi na Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, ndiyo inayomlipia nyumba ya kawaida, pensheni hushuka hadi dola 90 kwa mwezi. Hizo 90 ni zake mwenyewe na nyumba hairuhusiwi kuzigusa. Katika nyumba ya jimbo, punguzo hilo halipo.

Tuziamini nyota za ubora wa nyumba zinazochapishwa mtandaoni?

Zitumieni kuondoa nyumba mbovu kabisa. Kuchagua kati ya mbili nzuri kwa nyota ni kazi bure. VA ilianza kuchapisha nyota za CLC mwaka 2018, baada ya magazeti kuibana, kwa mfumo unaofanana na ule wa Medicare, bima ya serikali kwa wazee. Wazee wa CLC mara nyingi ni wagonjwa zaidi, kwa hiyo nyota tatu za CLC haziko sawa na nyota tatu za nyumba ya mtaani. Nyumba za majimbo ambazo hazina cheti cha Medicare wala Medicaid hazionekani kabisa kwenye tovuti ya Medicare.

Kinachofaa zaidi ni ripoti ya ukaguzi wenyewe. Mwaka 2019 GAO, ofisi inayolikagulia Bunge la Marekani matumizi na kazi za serikali, ilieleza kwamba wakaguzi wa nyumba za majimbo hawakulazimishwa kuandika kila kasoro kuwa kasoro. Nyingine ziliandikwa kama "mapendekezo" tu. Basi ukiomba ripoti, omba vyote viwili.

Wafanyakazi wangapi wanatosha?

Kanuni ya VA kwa nyumba za majimbo inataka saa zisizopungua 2.5 za uuguzi wa moja kwa moja kwa kila mzee kwa saa 24, siku saba za juma, pamoja na nesi mwenye leseni kamili (RN) zamu zote. Tupige hesabu. Wodi ya wazee 30 inahitaji saa 75. Zamu moja ina saa 7.5 za kazi, kwa hiyo ni watu kumi kwa siku nzima: tuseme wanne asubuhi, wanne jioni, wawili usiku. Katika wale wanne wa asubuhi, mmoja anasukuma kigari cha dawa. Wanabaki CNA watatu, kila mmoja na wazee kumi wa kuamsha, kusafisha, kuvisha na kulisha kabla ya saa tatu. Mmoja akipiga simu kuwa anaumwa, ni wazee 15 kila mtu.

Utafiti wa serikali ya Marekani wa mwaka 2001 ulitaja saa 4.1. Kwa wodi hiyohiyo ni saa 123, yaani watu 16 au 17. Nyumba inayojivunia kutimiza 2.5 inajivunia kiwango cha chini kabisa.

Unapotembelea nyumba, usiulize "mna wafanyakazi wa kutosha?" Uliza: Jumamosi iliyopita jioni, wodi hii ilikuwa na CNA wangapi, na wangapi walitoka kwa wakala? Mfanyakazi wa wakala anaweza kuwa hodari, lakini hajui kwamba mzee wa kitanda cha dirishani hanywi maji yenye barafu.

Wazee hawa wana tofauti gani na wengine?

Wengi ni wanaume, wengi hawasikii vizuri kwa sababu ya mizinga na injini, na wengi walifundishwa kutolalamika. Ukimuuliza "unaumwa?" atasema hapana. Muulize "goti linakuzuia kufanya nini leo?" Mtazame uso anapogeuzwa.

Kiwewe cha vita, ambacho kwenye faili huandikwa PTSD, huweza kulala miaka 40 kikaamka mzee anapoanza kupoteza kumbukumbu, kwa kuwa ile nguvu ya kujizuia hupungua. Vichochezi vinajulikana: fataki za tarehe 4 Julai, helikopta ya hospitali, habari za vita kwenye televisheni, mtu anayekuja kwa nyuma, mkanda wa kiti unaombana. Waliopigana kwenye bwawa la Chosin, Korea, mwishoni mwa 1950 waliungua miguu kwa baridi, na miguu hiyo bado inauma chumba kikipoa. Soksi na blanketi ni sehemu ya tiba. Wapo pia wanawake, na wanaume vilevile, waliodhulumiwa kingono wakiwa jeshini. Hawa waulizwe mapema wanataka kuoshwa na mwanamke au mwanamume, na jibu liheshimiwe hata kama ratiba inabana.

Usiku, usimguse begani. Simama mwisho wa kitanda, upande wa miguu, washa taa hafifu, mwite jina, ngoja afungue macho, ndipo usogee. Kitanda kikae mahali anapoona mlango. Na jina lenyewe: kwetu kumwita mzee "babu" ni heshima, lakini Mmarekani akiitwa vivyo hivyo na mgeni anaweza kuona amefanywa mtoto. Muulize anapenda kuitwaje. Wapo wanaotaka cheo.

Mzee anapiga ngumi kila akiogeshwa. Tufanyeje?

VA ina mpango uitwao STAR-VA kwa ajili ya tabia za wazee wenye dimentia (ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu), na kiini chake kinaweza kufanywa na wodi yoyote. Kila tukio huandikwa kwa sehemu tatu: nini kilitangulia, alifanya nini hasa, nini kilifuata. "Alikuwa mkali" haisaidii mtu. "Saa 1:20 asubuhi, wasaidizi wawili waliingia pamoja, mmoja akamvua shati bila kusema, akampiga wa kushoto, wakamwacha" inasaidia. Baada ya siku tano hadi saba za maandishi ya namna hiyo, sura inajitokeza. Mara nyingi ni mambo matatu: baridi, haraka, na watu wengi kuliko mmoja. Na tazama safu ya mwisho: kama kila akipiga anaachwa, basi ngumi imekuwa njia yake pekee ya kusema basi. Mpe njia nyingine. Akisema "acha", acheni kweli, mrudi baada ya dakika 20.

Kabla ya kuhukumu tabia, ondoa maumivu, choo kigumu, kibofu kilichojaa na maambukizi ya mkojo. Mzee mwenye tezi dume iliyokua anaweza kukaa na lita nzima kibofuni huku nepi inalowa kidogo kidogo, na kila mtu akaona nepi imelowa akadhani anakojoa vizuri.

Bafu la mvua si lazima. Kuogea taulo kitandani hufanyika hivi: weka taulo kubwa moja na vitambaa viwili vitatu ndani ya mfuko wa plastiki, mimina lita tatu pungufu kidogo za maji ya nyuzi 41 hadi 43, na takriban mililita 30 za sabuni isiyohitaji kusuuzwa (fuata maelekezo ya chupa). Kamua. Mzee amefunikwa blanketi; tandaza taulo la moto juu yake huku ukivuta blanketi kuelekea miguuni, usugue juu ya taulo, kisha rudisha blanketi huku ukitoa taulo. Hakai uchi hata dakika moja. Sehemu za siri na mgongo huoshwa kwa vile vitambaa. Kinachoharibu kazi ni taulo kupoa: andaa kila kitu kando ya kitanda kwanza, ndipo umimine maji.

Kwa nini asipewe tu dawa ya kumtuliza?

Kwa sababu dawa za kundi la kutibu wazimu huongeza vifo kwa wazee wenye dimentia. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliweka onyo kali kwa zile mpya mwaka 2005 na kwa zile za zamani mwaka 2008. Zina nafasi yake pale mtu anapokuwa hatari kwa nafsi yake au kwa wenzake. Zikianzishwa, familia iulize mambo mawili: inatibu dalili ipi, na lini itajaribiwa kupunguzwa.

Tumefundishwa mengi na hakuna kinachobadilika. Tuanzie wapi?

Anzeni na jambo dogo linaloonekana kwa macho. Watafiti wa VA walitengeneza utaratibu unaoitwa LOCK, ambao umetumika katika CLC nyingi. Una nguzo nne: jifunzeni mahali panapokwenda vizuri tayari, tazameni kinachotokea kweli, mzungumze pamoja katika kikao kifupi cha kusimama, na kila hatua iwe ndogo.

Kwa vitendo: chagueni kitu kimoja, kwa mfano mzee anasemeshwa mara ngapi wakati wa chakula cha mchana. Mfanyakazi mmoja anakaa pembeni ya chumba cha kulia dakika kumi na kuweka alama tu: amesemeshwa, amelishwa kimya, hakuna mtu. Haandiki majina ya wenzake. Siku hiyohiyo, watu wa zamu husimama pamoja dakika 5 hadi 15. Swali la kwanza liwe la upande mzuri: meza ipi ilikuwa na mazungumzo, na kwa nini? Pengine ni kwa sababu CNA wa meza ile alikaa kitini badala ya kusimama. Basi kesho meza moja nyingine ijaribu viti. Juma lijalo mtazame tena.

Kikao hiki hufa kwa njia zinazotabirika. Meneja anakigeuza mkutano wa matangazo. Kinafanyika saa ambayo CNA wako bafuni na wazee, kwa hiyo wanahudhuria manesi peke yao. Au lililoonwa linatumiwa kumwadhibu mtu, na tangu siku hiyo hakuna atakayeona kitu. Hapo wenye asili ya Afrika Mashariki mara nyingi hunyamaza, ama kwa kuona aibu ya lafudhi, ama kwa heshima ya kutomsahihisha mkubwa. Ni hasara, kwani CNA ndiye anayemgusa mzee mara nyingi kuliko daktari, nesi na familia wakijumlishwa. Anayeongoza kikao aanze na CNA, amalizie na nesi, na dokezo moja la CNA litekelezwe kabla ya kikao kinachofuata.

Kuanguka kunazuiwaje?

Kengele ya kitandani haizuii; inakuarifu kwamba ameshaanguka, na mlio wake kwa mtu mwenye kiwewe ni balaa lingine. Tafuteni sababu. Pima shinikizo la damu akiwa amelala, kisha baada ya dakika moja na tatu akiwa amesimama. Namba ya juu ikishuka 20 au ya chini 10, mwite daktari apitie dawa, hasa za tezi dume, za shinikizo la damu na za usingizi. Dawa ya kutoa maji mwilini ikinywewa jioni, mzee atakimbilia choo saa nane usiku. Nesi aombe ihamishiwe asubuhi. Mpelekeni choo kabla hajaomba. Na akianguka, watu wa zamu wakutane papo hapo, kabla samani hazijasogezwa: alikuwa akienda wapi, amevaa nini miguuni, fremu yake ya kutembelea ilikuwa wapi?

Na vidonda vya mgandamizo?

Kwenye kipimo cha Braden, kinachopima uwezekano wa kupata vidonda hivi, alama 18 kushuka chini ni hatari. Kumgeuza kila baada ya saa mbili ni desturi ya kuanzia. Ngozi ikiwa imebaki na alama mkirudi, punguzeni muda. Mlazeni ubavu kwa mwinamo wa nyuzi 30, siyo 90, ili asilalie mfupa wa nyonga. Mto uwekwe chini ya mashavu ya miguu, kisigino kielee hewani. Angalieni pia nyuma ya masikio, mrija wa oksijeni unapopita. Kwa mzee Mweusi, msingoje wekundu: pitisheni kiganja mkitafuta joto, ugumu au ulaini usio wa kawaida. Wengi hugunduliwa wakiwa wamechelewa kwa sababu tu mkaguzi alifundishwa kwa picha za ngozi nyeupe.

Maambukizi yaliua wengi kwenye nyumba hizi. Nini kilikosewa?

Katika Soldiers' Home ya Holyoke, Massachusetts, tarehe 27 Machi 2020 wodi mbili za dimentia ziliunganishwa kwa kukosa wafanyakazi, walioambukizwa Covid na wasioambukizwa wakabanana pamoja. Walikufa wazee wasiopungua 76. Funzo la kiutendaji: upungufu wa watu hautatuliwi kwa kuunganisha wodi wakati wa mlipuko, na mpango wa kukodi watu uandikwe kabla.

Nyumba ya Quincy, Illinois, ilipoteza wazee 12 mwaka 2015 kwa bakteria wa Legionella kwenye mabomba. Bakteria hao hustawi kwenye maji ya nyuzi 25 hadi 45. Tangi la maji ya moto likae nyuzi 60 au zaidi, na vali ya kuchanganya ipoze maji karibu na bomba ili yasimuunguze mzee. Vyumba visivyo na mtu, bomba zifunguliwe mara kwa mara maji yapite. Hapo ndipo wengi husahau.

Nikiona mzee anadhulumiwa, niseme wapi?

Katika nyumba zenye cheti cha Medicare au Medicaid, sheria ya shirikisho inamlazimu mfanyakazi mwenyewe kutoa taarifa polisi na kwenye ofisi ya ukaguzi ya jimbo akishuku uhalifu: ndani ya saa 2 kama kuna jeraha kubwa, ndani ya saa 24 kama halipo. Kumwambia msimamizi peke yake hakukuondolei wajibu huo, na nyumba hairuhusiwi kukuadhibu kwa kuripoti. Andika tarehe, saa, ulichoona na uliyemwambia. Usipige picha ya mzee kwa simu yako.

Familia ianze na mtetezi wa wagonjwa wa VA ikiwa mzee yuko CLC au amelipiwa na VA. Kwa nyumba za mtaani na za majimbo, kila jimbo lina Long-Term Care Ombudsman, ambaye huduma yake ni ya bure na hatoi jina la mlalamikaji bila ridhaa.

Je, ni lazima aende nyumba ya wazee?

Si lazima. VA ina mpango wa Medical Foster Home: mzee anakaa katika nyumba ya mlezi aliyekaguliwa, wasiozidi watatu kwa nyumba, na timu ya VA inamfuata huko. Kwa muda mrefu mzee alijilipia mwenyewe. Sheria ya Elizabeth Dole iliyosainiwa Januari 2025 imeiruhusu VA kuwalipia baadhi yao kwa kipindi maalumu. Sheria hiyohiyo ilipandisha ukomo wa gharama za kumhudumia mzee nyumbani kutoka asilimia 65 ya bei ya nyumba ya wazee hadi asilimia 100. Aliyekataliwa saa za msaidizi wa nyumbani kabla ya hapo kwa sababu ya ukomo huo aombe upya kupitia ofisa ustawi wa kliniki yake ya VA.